Neno Lililobaki Nyumbani: Juu ya Singeli na Safari za Ma-DJ

Wanaoandika Ulaya juu ya singeli wana mazoea ya kuanza na hesabu. Wasema mapigo yake ni 200 kwa dakika, hata 300, nao huistaajabia namba hiyo kama mgeni astaajabiavyo kimo cha mnara. Wakisha kuistaajabia, hutaja taarabu, mchiriku, sebene na bongo fleva, jinsi zilivyokatwa vipande na kompyuta na kuunganishwa upya. Kisha husifu joto la ukumbi na jasho la wachezaji. Yote hayo ni kweli. Lakini nimesoma tahakiki nyingi za namna hiyo bila kukuta mahali ambapo mwandishi auliza yule kijana aliyeshika kipaza sauti alikuwa akisema nini. Nia yangu katika makala haya ni kuuliza swali hilo, na kueleza kwa nini naliona kuwa letu sisi wa fasihi kabla ya kuwa la mtu mwingine.

Singeli ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, ikalelewa na vigodoro, yaani ngoma za usiku kucha zipigwazo uchochoroni wakati wa harusi na sherehe nyingine. Mzazi wake wa karibu ni mchiriku, muziki wa kinanda kidogo cha Casio na ngoma zenye asili ya Kizaramo, ambao kundi la Jagwa Music lilianza kuupiga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vyombo vya mchiriku vilikuwa duni: amplifaya kuukuu na spika za honi, za namna ile tuionayo juu ya misikiti. Namwomba msomaji azikumbuke honi hizo, maana nitazirudia. Baadaye vijana waliacha kinanda wakashika kompyuta. Walitwaa kipande cha ala za taarabu, wakakizungusha na kukikimbiza, na juu yake akasimama MC, ambaye hapa nitamwita mghani. Msaga Sumu alitangulia kupata jina mitaani, na mwaka 2016 Man Fongo aliufikisha muziki huu katika redio za nchi nzima kwa wimbo wake wa "Hainaga Ushemeji".

Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. (Jina la kampuni hiyo latokana na neno la Kiganda lenye maana ya hamu ya kucheza isiyozuilika. Mswahili alisikiapo huinamisha uso, na nimemwona mwenyekiti mmoja wa kongamano akiliruka kabisa alipokuwa akisoma ratiba.) Kutoka hapo milango ilifunguka. Bamba Pana, Makaveli, Jay Mitta, Duke, MCZO na baadaye DJ Travella wakapanda ndege kwenda kupiga katika kumbi na matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

Huko walikofika walikuta spika za nasaba nyingine, na nasaba hiyo yafaa ielezwe kidogo. Asili yake ni Kingston, Jamaika, ambako tangu miaka ya 1950 mafundi walijenga masanduku ya spika makubwa kama kabati ili besi isikike kifuani kabla ya kusikika sikioni. Wahamiaji waliichukua sanaa hiyo hadi Uingereza, na huko ikazaa mikondo mingi: jungle katika miaka ya 1990, na dubstep iliyochipuka Croydon, kusini mwa London, mwanzoni mwa karne hii. Mala na Coki, waanzilishi wawili wa mkondo huo wa pili, walikuwa wakiitisha ngoma zao za DMZ katika mtaa wa Brixton tangu mwaka 2005. Mala naye akawa msafiri: alikwenda Havana, akachukua midundo ya wanamuziki wa huko na kuitia katika besi yake, na mwaka 2012 ikatoka albamu ya Mala in Cuba. Kwa hiyo DJ anayesafiri akichanganya muziki wa watu si jambo lililoanza na vijana wetu.

Lakini kuna habari moja ya Jamaika ambayo wasifu wa singeli huisahau, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wajamaika walilitwaa jina la deejay kutoka redio za Marekani, wakampa yule anenaye juu ya muziki; yule awekaye sahani wakamwita selector, yaani mchaguaji. Watu walipoanza kuondoa sauti ya mwimbaji katika sahani na kuacha ala peke yake, kazi ambayo fundi wa umeme aliyejulikana kama King Tubby aliifikisha mbali sana mwanzoni mwa miaka ya 1970, hawakuiondoa kwa kuliona neno kuwa mzigo. Waliacha kiti wazi ili mnenaji apate pa kukaa. U-Roy alikikalia kiti hicho mwaka 1970, na nyimbo zake zikashika nafasi za juu kisiwani. Ulaya ilirithi masanduku ya besi, ikarithi na sahani zisizo na mwimbaji, lakini katika kumbi nyingi kiti kile kilisahauliwa. DJ wa Ulaya aghalabu husimama kimya nyuma ya meza yake.

Sasa turudi kwenye honi. Spika ya honi haiwezi kutoa besi ya maana, kwa sababu sauti nzito yataka eneo pana la kusukuma hewa. Bali sauti ya mtu huitupa mbali kabisa, ndiyo maana mwadhini huitumia. Vyombo vya mchiriku, basi, kwa umaskini wake wenyewe, vilikuwa vyombo vya neno. Singeli ilirithi tabia hiyo hata ilipopata spika kubwa: kinanda chake ni chembamba na kikali, na besi hukaa nyuma. Wimbo huo huo ukipigwa katika ukumbi wa Berlin hupata kiwiliwili ambacho haukuwa nacho Tandale, na mara nyingi hupoteza kinywa.

Si kweli kwamba waghani hawakusafiri kabisa. Makaveli alipanda jukwaani pamoja na Bamba Pana, na MCZO pamoja na Duke. Ila nauli na viza za watu wawili ni mara mbili ya za mmoja, na mwenye ukumbi aonaye kuwa wateja wake hawafahamu lugha hana sababu kubwa ya kulipia mghani. Hata mghani afikapo, sauti yake husikilizwa kama ngoma mojawapo. Kidogo kidogo mtungaji naye huanza kutunga kwa ajili ya sikio hilo. Albamu ya DJ Travella, Mr Mixondo ya mwaka 2022, karibu yote ni ala tupu.

Je, neno hilo lina thamani gani hata tulililie? Nitajibu kwa mizani, maana ndicho kipimo tulichofundishwa. Tuchukue mdundo wa mapigo 200 kwa dakika, yaani matatu na theluthi kwa sekunde. Mghani akitia silabi mbili katika kila pigo, atatoa silabi sita na ushei kwa sekunde, nao ni mwendo wa mtu anayegombana: wa haraka, lakini kila neno lashikika. Mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, utamalizika kwa mapigo manane, ambayo ni sekunde 2.4. Tuukimbize mdundo hadi 300. Silabi mbili kwa pigo zitakuwa kumi kwa sekunde, na ulimi hauwezi kuzibeba kwa muda mrefu. Hapo mghani hulazimika kubadili hesabu: silabi moja kwa pigo, tano kwa sekunde. Mshororo ule ule sasa wachukua sekunde 3.2. Ala zimeongeza mbio, na neno limepunguza mwendo! Mgeni husikia kelele zilizozidi; msikilizaji wa Manzese husikia mtu aliyetulia katikati ya dhoruba, akisema maneno yake silabi kwa silabi.

Jambo hili lawezekana kwa sababu silabi zetu nyingi ni wazi, zaishia kwa irabu, wala konsonanti hazisongamani mwishoni. Tena silabi zinapolingana na mapigo, mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho hufifia, na kila silabi hupata haki sawa, kama ilivyo katika kughani shairi. Sisemi kwamba mghani wa singeli amesoma kanuni za arudhi. Nasema sikio lake limefika mahali ambapo sikio la mshairi lilifika zamani, kwa njia nyingine. Vina vyake ni hafifu. Aghalabu huridhika na irabu ya mwisho, na mimi naona hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa. Lakini kibwagizo anakijua: hukitupia umati, umati humrudishia, naye hupata nafasi ya kuvuta pumzi na kutafuta kejeli inayofuata. Kodi ya chumba, mapenzi ya kukopeshana, polisi, shemeji, jirani mwenye macho: mambo hayo huyasema kwa mafumbo ambayo mtu wa mtaa huyafumbua papo hapo, na mimi mwalimu hunibidi niulize.

Mahali pengine neno limebaki katika jina tu. Jay Mitta aliiita albamu yake ya mwaka 2019 Tatizo Pesa. Mwaka huo huo Sisso alitoa Mateso, na Duke akatoa Uingizaji Hewa. Nilipoyaandika majina hayo ubaoni, wanafunzi walicheka walipofika la tatu, maana ni neno la mkandarasi na bwana afya, neno la ramani za nyumba. Mimi nalisoma kama fumbo la mtu aliyekulia katika chumba chenye dirisha moja. Mnunuzi wa Ulaya hulipokea kama mlio mzuri wa Kiafrika.

Yuko atakayenipinga kwa kusema kwamba muziki hauna deni kwa neno, na hoja yake ina nguvu. Sisi wenyewe tunayo bashrafu, kipande cha ala tupu ambacho vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa hukipiga kufungua tamasha la taarabu, wala hapana aliyewahi kuilaumu kwa ububu. Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Kazi ya Travella yastahili kupimwa kama bashrafu ipimwavyo, kwa mpangilio wake na kwa ujasiri wake, na kwa kipimo hicho naihesabu kuwa kazi bora. Lakini bashrafu humfungulia mlango mwimbaji. Tamasha linaloanza kwa bashrafu na kuishia kwa bashrafu lingemfanya mpenzi wa taarabu aulize kama mwimbaji ameugua.

Wala lawama si ya wageni peke yao. Mhakiki wa London ana udhuru wa kutojua lugha. Sisi udhuru wetu ni upi? Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja alileta pendekezo la tasnifu juu ya waghani wa singeli, na katika kikao aliulizwa na mtu ninayemheshimu kama matusi nayo yamekuwa fasihi. Baada ya marekebisho mengi pendekezo lilipita. Tukaanza kazi ya kuandika maneno ya rekodi moja ya kigodoro, iliyonaswa kwa simu, yenye urefu usiozidi dakika kumi na moja. Watu watatu waliisikiliza, kila mmoja peke yake, nao wakaleta matini tatu zisizolingana. Katika beti nyingine hata idadi ya mishororo ilitofautiana. Tukamtafuta mghani mwenyewe atuamulie. Alisikiliza mara mbili, akacheka, akatupa matini ya nne, kisha akasema kwamba pale katikati hakumbuki alisema nini, ila watu waliitika. Tumezinakili zote nne kwa safu zilizokaribiana, na mahali pale pa katikati tumeandika muda wa rekodi na itikio la umati.