Siku si tarehe: jina moja lililotugombanisha kwenye muso

Leo sileti habari za kutafuta kazi. Naleta lawama juu ya jina moja, na mwisho mtaniambia kama nimelionea.

Jina lenyewe ni getDay. Liko ndani ya maktaba sanifu ya JavaScript, yaani zile zana zinazokuja pamoja na lugha yenyewe, ambazo huhitaji kwenda kuzitafuta kwingine. Wale ambao hawakusoma informatike wasikimbie. Kisa ni cha pesa na mama mmoja, kila mtu ataelewa.

Muso mnazijua. Watu wa mtaa wanakusanyika, wanaweka michango, wanakopeshana na kusaidiana. Mwaka 2024 muso ya kwetu iliniomba niwatengenezee kitu cha kuandika mikopo kwenye simu ya katibu, ati kwa sababu mimi ndiye mtoto niliyesoma mambo ya mashini. Nikaandika programu ndogo inayofunguka bila intaneti. Unaweka jina la mkopaji na kiasi, yenyewe inaandika tarehe. Mwezi ukitimia, inamtaja mwenye deni. Basi.

Msiseme sikuijaribu. Nilianza Jumatatu tarehe 1 Julai. Mwezi ukatoka 6 badala ya 7. Nikacheka, kwa kuwa hilo nilishalisikia: JavaScript inahesabu miezi kuanzia sifuri. Nikaongeza moja, ikatoka 1/7/2024. Jumanne ikatoka 2/7, Jumatano 3/7. Alhamisi tarehe 4, siku ya mkutano, ikatoka 4/7. Siku nne mfululizo bila kosa. Nikamrudishia katibu simu yake, nikaenda zangu kichwa kimevimba.

Mkutano wa tarehe 1 Agosti, programu ikataja watu watatu kwamba mwezi wao umetimia na kuanzia hapo faini inahesabiwa. Wawili walinyamaza, mmoja wao akaanza hata kuulizia pesa kwa jirani. Wa tatu, mama mmoja mwenye shamba la mihogo, akasimama.

“Mwanangu, hii simu yako inanisingizia. Tarehe ine mimi sikukopa. Ile siku nilikuwa Uvira kwa mugonjwa. Nimekopa juma lililopita.”

Katibu akafungua daftari la zamani, ambalo kwa bahati njema alikuwa hajaliacha. Mama alikuwa amekopa tarehe 25 Julai. Siku saba tu, na simu yangu ilikuwa imezigeuza mwezi mzima. Watu wote wakaniangalia mimi.

Kumbe getDay haitoi siku ya mwezi. Inatoa siku ya juma: Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, Alhamisi ni 4. Muso yetu inakutana kila Alhamisi, kwa hiyo kila mkopo wa Julai uliandikwa tarehe 4 Julai, na mkutano wa kwanza wa Agosti ukahesabiwa kuwa tarehe 4 Agosti. Na Julai ya 2024 ilianza Jumatatu! Kuanzia tarehe 1 hadi 6, jibu la kweli na jibu la uongo yalikuwa nambari ileile. Ningesubiri hadi Jumapili tarehe 7 ningeona sifuri. Sikusubiri.

Tuseme wazi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika, na pole nilimpa mama yule mbele ya watu. Lakini kosa langu lilisaidiwa, na aliyelisaidia ni jina. Hapo ndipo lawama yangu inapoanzia.

Angalieni lilivyokaa. Ukitaka kuandika tarehe unahitaji vitu vitatu, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumevijaza kwenye fomu tangu utoto: jour, mois, année. Unafungua JavaScript unakuta getDay, getMonth, getFullYear. Watoto watatu wa mama mmoja! Ni nani atakayemshuku yule wa kwanza? Jina halisomwi peke yake, linasomwa pamoja na majirani zake. Hawa majirani wawili wanazungumzia kalenda ya mwaka, na getDay amesimama katikati yao anazungumzia juma.

Na ile inayotoa siku ya mwezi inaitwaje? Inaitwa getDate. Nayo inaitwa kutoka kwenye kitu ambacho chenyewe kinaitwa Date. Yaani unaiomba tarehe ikupe tarehe, inakupa nambari 25 bila mwezi wala mwaka. Mtu aliyelikisia jina hili kwa akili zake angetegemea tarehe nzima.

Nitakuwa wa haki kidogo. Katika Kiswahili majina haya mawili yana utetezi. Ukiuliza “leo ni siku gani?” utajibiwa Alhamisi. Ukiuliza “leo ni tarehe ngapi?” utajibiwa 25. Siku kwa getDay, tarehe kwa getDate, inalingana kabisa. Ningewaza Kiswahili labda ningepona. Lakini kazi za mashini tumefundishwa kuzisoma kwa Kiingereza cha kuokoteza kilichopita kwenye Kifaransa, na huko njiani siku na jour zinabadilishana nguo. Isitoshe, darasani tulianza na Python, na kule neno day kwenye tarehe maana yake ni siku ya mwezi, na siku ya juma inaitwa weekday. Neno lilelile, lugha mbili, maana mbili.

Jina hili limetoka wapi? Brendan Eich alitengeneza JavaScript ya kwanza mwaka 1995 akiwa Netscape, kwa siku kumi hivi, akiwa ameagizwa ifanane na Java. Zana za tarehe zilichukuliwa kutoka Java jinsi zilivyokuwa, pamoja na miezi ya kuanzia sifuri. Cha kuchekesha ni kwamba Java yenyewe ilijuta mapema. Toleo lake la 1.1, mwaka 1997, liliwashauri watu waache kutumia mengi ya majina yale, getDay ikiwemo. Na mwaka 2014, Java 8 ilipoleta maktaba mpya ya tarehe, walichagua getDayOfMonth na getDayOfWeek, na miezi ikaanza na 1 kama miezi ya binadamu. Mwenye nyumba alitupa kiti kibovu, aliyekiazima akabaki anakikalia.

JavaScript nayo iliwahi kuungama, mara moja. Zamani mwaka ulichukuliwa kwa getYear, ambayo inahesabu kuanzia 1900. Mwaka 2000 ulipofika, getYear ikatoa 100, na kurasa za waliokuwa wanabandika “19” mbele zikaandika mwaka 19100. Dawa ilikuwa jina jipya: getFullYear, mwaka kamili. Neno hilo “kamili” ni ungamo lililoandikwa ndani ya jina. Ukilisoma tu unajua kwamba kuna mwaka mwingine usio kamili, jihadhari. Kwa nini siku haikupata huruma kama hiyo?

Sasa najua nitajibiwa nini. Wa kwanza atasema: “Ungesoma maelezo.” Kweli, maelezo yapo, na yameandikwa vizuri. Lakini tuliopo huku tunajua mega zinavyonunuliwa, na tunajua usiku ambao mtandao umekata na betri ya sola inaelekea kuisha. Jina ndilo sehemu pekee ya maelezo inayosafiri na kodi yenyewe, bure, bila mtandao. Mwenye intaneti ya siku nzima akikutana na jina bovu anapoteza dakika mbili. Sisi tunaweza kupoteza mwezi.

Wa pili atasema majina marefu yanachosha. Sikuomba urefu. Angalieni tena Python: day na weekday. Ni mafupi, na ukiyaweka pamoja hayagombani. Uwazi hauji kwa wingi wa herufi. Unakuja pale ambapo jina moja linakuonyesha mpaka wake na jina la pili.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema getDay haiwezi kubadilishwa leo, kurasa nyingi mno duniani zinaitegemea. Hapo nakubali. Mwaka 2018 JavaScript ilitaka kuongeza zana iitwayo flatten, ya kulainisha orodha iliyo ndani ya orodha. Ikagundulika kwamba MooTools, maktaba ya zamani, ilikuwa na zana ya jina hilohilo, na kurasa zinazoitumia zingeharibika. Mmoja akapendekeza kwa mzaha waiite smoosh, watu wakabishana sana, mwishowe ikaitwa flat. Kama kuingiza jina jipya kunasumbua hivi, kuondoa la zamani ndiyo usiseme. Lakini hoja hii inanisaidia mimi! Kama jina likishaingia halitoki, basi saa ya kulisumbukia ni kabla halijaingia. Na njia nyingine ipo, ile ya Java: unajenga chumba kipya pembeni, cha zamani unakiacha kisimame. JavaScript nayo sasa imepata chumba chake, kinaitwa Temporal, na vivinjari vimeanza kukipokea. Humo siku ya mwezi ni day, siku ya juma ni dayOfWeek, na Julai ni 7. Imechukua karibu miaka thelathini.

Nilipokuwa narudi nyumbani siku ile ya aibu, niliwaza masanduku ya muso. Mnayajua: la kijani ni la mikopo, jekundu ni la msaada mtu akipatwa na msiba au ugonjwa, la bluu ni la pesa zinazotoka nje. Rangi ya kijani peke yake haisemi “mkopo.” Ni lazima ufundishwe. Lakini ukishafundishwa mara moja, haikudanganyi, na hata bibi asiyejua kusoma hawezi kutia mkono kwenye sanduku lisilo lake. Hapo nikaelewa kosa la getDay. Jina lisilosema kitu linakulazimisha kuuliza. Jina linalosema kitu cha karibu na ukweli linakutuliza, na aliyetulizwa haulizi. Kati ya mawili hayo, la pili ndilo lililotufikisha kwenye faini.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Nilipofungua kodi yangu ili niirekebishe, nilikuta vigezo vyangu mwenyewe vinaitwa d, d2, tmp na montantFinal2. Huyo ni mimi, ninayeilaumu Netscape.

Nimerekebisha hivi. Tarehe inapita mlango mmoja, kwenye fanksheni nilizoziita sikuYaMwezi na sikuYaJuma. Kabla ya kuyaweka, nilimsomea katibu majina hayo mawili, yeye ambaye hajawahi kuona kodi, nikamuuliza kila moja litatoa nini. Alijibu yote mawili bila kusita. Getdate na getday nilipomsomea, aliniuliza kama ni neno moja nimelirudia.

Muso bado inatumia daftari pembeni ya simu, na mimi ndiye niliyeomba hivyo. Yule mama alilipa deni lake mwishoni mwa Agosti, kwa wakati wake halisi. Bado ananisalimia, ila kila Alhamisi, kabla hajaketi, ananiuliza mbele ya watu: “Mwanangu, leo simu yako inasema tarehe ngapi?” Namwonyesha. Anaisoma mwenyewe, halafu anakaa.