Mjane kama Yambwa: Kitenzi «Kurithi» katika Natala

Tamthilia ya Natala, aliyoitoa Kithaka wa Mberia mwaka 1997, huhesabiwa miongoni mwa kazi za Kiswahili zilizomtetea mwanamke waziwazi. Natala aletewa habari kwamba mumewe, Tango, amefariki. Kabla msiba haujapoa, shemeji yake Wakene adai shamba la marehemu na kumtaka mjane pia. Kwa kawaida kazi hii husomwa kama sifa ya ushujaa. Usomaji huo ni sahihi, lakini wapita juu ya jambo lililomo katika lugha yenyewe.

Kitenzi kurithi huchukua yambwa. Mtu hurithi shamba, hurithi ng'ombe. Na katika mila inayohojiwa humu, mtu hurithi mke. Kitenzi ni kile kile, na mke ameketi palipoketi shamba. Kinyume chake, «kurithi mume» ni usemi usiozoeleka, ingawa sarufi haiukatazi. Nomino mrithi nayo, kwa kuwa ni ya ngeli ya M-/WA-, humfaa mwanamke sawasawa na mwanamume. Lugha, basi, imeuacha mlango wazi. Mila ndiyo iliyoufunga.

Kwa hiyo madai mawili ya Wakene ni dai moja. Palipo na desturi ya mwanamke kuifikia ardhi kwa kupitia mwanamume tu, amtwaaye mjane hutwaa shamba, na mjane akataaye kutwaliwa hana pa kulima. Natala akataapo kurithiwa, hatetei mwili wake peke yake: ataka kutoka katika nafasi ya yambwa na kuwa kiima.

Udhaifu wa tamthilia umo katika mwisho wake. Tango arudi, yu hai. Hadhira hufurahi, lakini haki ya Natala imethibitishwa na nini, isipokuwa na kurudi kwa mwanamume? Lau Tango angalikuwa amekufa kweli, hoja ingalibaki pale pale. Hata Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilimpa mjane mwenye watoto haki ya kutumia mali ya mumewe maishani mwake, kisha ikamnyang'anya haki hiyo akiolewa tena.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili si geni. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliwapa watoto wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, robo tatu za urithi. Mjane iliwekwa nafasi yake katika fungu la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, kwenye robo iliyosalia. Akaongezewa haki ya kuitumia nyumba ya ndoa na vyombo vyake. Mila ni nzito zaidi. Hata kwa Wabemba na Walamba wa Katanga, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mali ya mume kwa desturi huelekea kwa wapwa wake, si kwa mjane. Kuhesabiwa ukoo kwa mwanamke si kumilikisha mwanamke.

Natala yastahili kufundishwa, na kufundishwa kwa ukali. Mwanafunzi aulizwe lile ambalo mwisho wake umelikwepa: mjane ambaye mumewe harudi atasimama juu ya ardhi ya nani?