Sifa, Ushuru na Tuzo ya Amani

Wapo wasemao kuwa kilima cha Salaita, karibu na Taveta, kilipata jina lake kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, kwa ajili ya askari wa Uingereza na Afrika Kusini waliouawa hapo tarehe 12 Februari 1916. Asili hiyo haikubaliki: kilima kilikwisha kuitwa Salaita kabla ya siku hiyo. Hata hivyo wasimulizi hao wanashika kanuni moja ya haki, yaani tendo hutangulia na jina hufuata. Lugha ya tuzo za amani za miaka hii imeigeuza kanuni hiyo.

Neno tuzo latokana na kutuza. Katika ngoma na taarabu mwimbaji hutuzwa kwa alichokwisha kuimba, mbele ya waliomsikia. Tarehe 4 Desemba 2025 Marais Tshisekedi na Kagame walitia sahihi mapatano mjini Washington, katika jengo la taasisi ya amani lililokwisha kupewa jina la mwenyeji wao, Donald Trump. Kesho yake FIFA ikamkabidhi tuzo yake ya kwanza ya amani (ya mpira nawaachia wenye mpira). Haikupita wiki, wapiganaji wa M23 wakaingia Uvira, mji wa Waswahili wenzetu. Waliotuza hawakuwa Uvira, na wa Uvira hawakuulizwa.

Sifa nayo ina maana mbili: tabia aliyo nayo mtu, na maneno asemewayo. Msifu hodari huzichanganya kusudi. Tarehe 9 Julai 2025 marais watano wa Afrika waliketi mezani katika Ikulu ya Marekani, miezi mitatu baada ya ushuru mpya kutangazwa, Kenya ikiwekewa asilimia 10. Walipoulizwa juu ya Nobel, walimsifu mwenyeji. Sidhani yafaa kuwacheka. Mwenye bidhaa za kuuza husema lugha ya mlango wa forodha. Lakini maneno yaliyolipiwa hivyo si ushahidi, na mhakiki asiyapokee kama ushahidi. Kwaya za enzi ya Nyayo ziliimba amani, upendo na umoja huku watu wakiwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Kamati ya Nobel yenyewe haijasalimika. Mwaka 2019 ilimtuza Abiy Ahmed kwa mapatano na Eritrea. Novemba 2020 vita vikazuka Tigray, na majeshi ya Eritrea yakaingia humo. Wangari Maathai alituzwa mwaka 2004, baada ya miaka 27 ya kupanda miti, na serikali ya Nyayo haikuwahi kumtungia wimbo.