Kifungu cha 13 kwenye kundi la harusi

Januari 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu ya Tanzania. Hakubeba dhuluma zote za wasichana. Alishika vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa ya 1971, cha 13 na cha 17. Mvulana asioe kabla ya miaka 18, ila binti aolewe hata akiwa na 15, baba akiridhia. Kwa nini yeye 18 na huyu 15? Serikali ilishindwa Julai 2016, ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019.

Swali hilo la kulinganisha ndilo ninaloliona likifanya kazi kwenye simu zetu hapa Tabora, mkoa ambao utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 58 kati ya kila 100 wa miaka 20 hadi 24 wameolewa kabla ya kutimiza 18.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la kamati ya harusi, mtu alirusha bango la kukomesha ndoa za utotoni. Hakuna aliyejibu, chini yake ikafuata orodha ya michango. Siku mbili baadaye mama mdogo akatuma sauti: "Shikamoo baba mkubwa. Naomba kuuliza. Kijana wetu angetaka kuoa ana miaka 15, tungemchangia?" Baba mkubwa akajibu kwa sauti pia, akicheka: mtoto huyo atalisha nani? Mama mdogo akasubiri, kisha: "Na binti wa 15 je, baba?"

Kundi lililipuka. Mmoja akaleta mila, kwamba mwanamke ni wa nyumbani. Akakumbushwa kuwa misafara ya pembe za ndovu ilipotoka Unyanyembe, hapahapa Tabora, kwenda Bagamoyo, wake za wapagazi walitembea nao, vyungu kichwani.

Bango lilimtaka mzee akiri kosa mbele ya wakwe. Swali lilimwachia atoe hukumu mwenyewe, na sauti ikamfikia bila kutafuta miwani. Tena lilitoka kwa mtu anayemheshimu, mahali ambapo fedha za harusi huamuliwa.

Lakini mabinti wenyewe hawamo kwenye kundi, kwa kuwa simu ni ya baba. Jioni ile mama mdogo alifungua spika uani, wasichana wakibangua karanga, akarudia sauti zote tangu mwanzo. Mikono ikasimama kwenye karanga.