Mtoto Akiwa Titini

Muuguzi hodari wa kliniki ya mama na mtoto hujulikana kabla hajashika sindano. Mtoto wa wiki sita ameletwa kupimwa VVU kwa sababu mama yake ana maambukizi. Damu inatakiwa itoke kisiginoni, matone yajaze duara tano kwenye karatasi maalumu. Mwenye haraka angemlaza mtoto mezani, akamate mguu, adunge, akamue. Huyu anasema tu, "Kaa hapa mama, mnyonyeshe kwanza," kisha anajishughulisha na kadi huku sikio lake likiwa kwa mtoto. Anasubiri unyonyaji ushike mwendo: avute, ameze, apumue.

Mguu mmoja tu unatolewa nje ya khanga, ukaachwa uning'inie. Kisigino anakifumbata kiganjani mpaka kipate joto, maana kisigino cha baridi ni bahili wa damu. Anachagua pembeni, kwa kuwa katikati na nyuma mfupa uko karibu na ngozi. Anadunga mara moja. Mtoto anakunja uso, anaachia titi, analirudia. Tone la kwanza linafutwa. Yanayofuata yanajaa yenyewe na kudondoka. Hakamui, kwani kukamua mara nyingi huuma kuliko mchomo wenyewe. Mama anauliza kama bado. "Tumeshamaliza, mama."

Utamu wa maziwa, kunyonya, harufu ya mama na ngozi yake vyote humtuliza mtoto. Hospitali nyingine hutumia matone ya maji ya sukari ulimini, kama dakika mbili kabla ya kudunga. Ukiwahi sana au ukichelewa, faida inapungua, ndiyo maana nasema ufundi wenyewe uko kwenye kungoja.

Siku ya chanjo mpangilio ndio kazi. Matone ya chanjo ya rota ni matamu, basi hutangulia, halafu titi, halafu sindano, ile inayouma zaidi ikiwekwa mwisho. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu ya chanjo, na kumpakata na kumnyonyesha mtoto vimo.

Wataalamu walichelewa kuamini kwamba kichanga huhisi maumivu. Hadi miaka ya 1980, huko Ulaya na Marekani, vichanga wengi walipasuliwa wakiwa na dawa kidogo mno ya maumivu, eti mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 K.J.S. Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kuwa watoto njiti waliopewa dawa ya maumivu ya fentanili wakati wa upasuaji miili yao ilitaharuki kidogo kuliko ya wenzao wasiopewa, na matatizo ya baadaye yakapungua. Bibi yeyote aliyelea wajukuu angewaambia bure kwamba kichanga anaumia.

Titi halitoshi kila mahali. Upasuaji unataka dawa, na njiti wengine hawawezi hata kunyonya. Kwao muuguzi hutumia viganja: kimoja kichwani, kingine kikikunja miguu kuelekea tumboni, mtoto akae alivyokaa tumboni mwa mama. Lakini mwenye kushika hivyo hawezi kutoa damu wakati huohuo, na zamu ya usiku watu ni wachache. Kwa hiyo mama huitwa, ananawa mpaka kwenye viwiko, anaonyeshwa pa kuweka viganja, na kuambiwa asimpapase wala kumpigapiga: atulize mikono tu, na asiiondoe hata sindano ikishatoka, mpaka mtoto mwenyewe alegee.