Walimpa Almeida Usukani

Niseme mapema: nyongeza ya African Kingdoms ya mwaka 2015, ya gemu ya Age of Empires II, ilikosea ilipomkabidhi mchezaji kampeni ya Francisco de Almeida. Kwenye kampeni nyingine, Tariq sawa. Sundjata safi. Yodit namkubali. Ugomvi wangu ni na huyu Mreno, na wanaonisoma mnajua sijaanza leo.

Gemu hiyo ilikuwa na miaka 16 ilipoamua kutupa pakiti nzima ya Afrika. Staarabu nne: Waberberi, Wamali, Waethiopia na... Wareno. Nafasi moja kati ya nne za bara zima amepewa mgeni! Pwani ya Waswahili, yenye miji ya mawe, sarafu zake na dhahabu ya Sofala, ikawa kituo cha njiani kwa jemadari anayekimbilia India.

Hapa Gisenyi tunacheza na vijana wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kutoka Goma, na mmoja hanichoki: mzee, Almeida alifika kweli, ulitaka wafute historia? Sikutaka wafute kitu. Nilitaka wahamishe kiti. Mwaka 1999 Ensemble, watengenezaji wa gemu, walieleza Vita vya Msalaba tukiwa upande wa Saladin. Mwaka 2000, kwenye nyongeza ya The Conquerors, Cortés alipotia nanga sisi tulikuwa Waazteki wa Montezuma. Wale wazee walielewa kwamba anayepokea uvamizi ndiye mwenye kazi ngumu, na kazi ngumu ndiyo gemu.

Sasa itazameni Kilwa ya Julai 1505 kwa jicho la mtunga hatua. Mji unatawaliwa na Amiri Ibrahim, ambaye wapo wanaosema kiti si chake. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha kutoa kodi ya dhahabu. Almeida anakuja kudai, Ibrahim anakwepa kuonana naye, mizinga inashushwa, mji unaporwa. Ibrahim anatorokea bara. Mreno anamtawaza Muhammad Ankoni, anajenga ngome, anapanda Mombasa kuichoma. Ankoni aliuawa mwaka uliofuata, na kufikia 1512 Wareno wenyewe waliihama ngome ile.

Kwa upande wa Almeida, hiyo ni hatua ya kushuka pwani na kubomoa. Mzinga wa bombadi ukifika, umemaliza. Kwa upande wa Ibrahim una wapinzani ndani ya ukuta, hazina ya kuficha, wake na watoto wa kuvusha bara, na juu ya yote una saa inayokusaidia: upepo wa kusi. Meli za Almeida hazingeweza kukaa Kilwa. Upepo ule ukipita, safari ya India imekufa kwa mwaka mzima. Huhitaji kumshinda. Unahitaji kubaki hai mpaka atweke. Mvuvi yeyote wa Kilwa Kisiwani angewapa wazo hilo bure.

Halafu kuna Feitoria ya Wareno. Jengo linakula nafasi 20 za watu, kisha linatoa chakula, mbao, dhahabu na mawe lenyewe, taratibu, bila mwisho. Kimizani sina neno, bei yake inalipa. Lakini tazama linavyosimulia: mali inachuruzika tu, hakuna aliyenyang'anywa. Nani aliyekuwa akiibeba dhahabu ile kabla yake?

Na wale wanaoniambia nipiganie kwanza nyumbani, mitumbwi ya mfalme Rwabugiri wa Rwanda ikivuka Ziwa Kivu kwenda Ijwi: naipenda vita ile, kisiwa chenyewe nakiona mbingu ikitakata. Ila ni karne ya 19. Ukimleta Rwabugiri kwenye zama za kati, huna tena haki ya kumcheka anayeleta bunduki Agincourt.

Kama lazima awe Almeida, basi wangenipa Machi 1, 1510, karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Watu wake wamevamia kijiji, wamebeba ng'ombe na watoto. Wakhoikhoi wanakuja nyuma yao, wanaita ng'ombe wao kwa miluzi, ng'ombe wanageuka ngao inayotembea, mikuki inatokea katikati ya pembe. Almeida anafia mchangani na zaidi ya wenzake 50. Kwetu huku, ambako ng'ombe wa inyambo huitwa kwa jina na huitika, hatua hiyo ningeicheza mara tatu kwa usiku mmoja.