Cars 3 Haikutuonyesha Meza ya Kuhesabu

Filamu ya katuni ya Cars 3 imeonyeshwa hapa kambini mara nyingi, na kila ikionyeshwa ukumbi unajaa. Watoto wanaipenda kwa mwendo na kelele. Wakubwa wanaipenda kwa sababu ina somo, na sisi tunaofanya kazi na vijana tunapenda sana kitu chenye somo. Ilitoka mwaka 2017, mwongozaji wake ni Brian Fee, na mimi nasema ni filamu nzuri. Lakini ndani yake kuna mzee mmoja aliyekopwa kutoka historia ya kweli. Filamu imemtumia dakika chache, halafu imemrudisha akiwa pungufu. Kile walichomwondolea ndicho sisi hapa tungekihitaji zaidi.

Kwa ambao hawajaiona, hadithi ni hivi. Lightning McQueen ni gari la mbio ambalo umri umeanza kumpita. Magari mapya yaliyofundishwa kwa kompyuta yanamwacha nyuma. Anapewa mkufunzi kijana, Cruz Ramirez, ambaye moyoni alitaka kuwa mkimbiaji ila alikata tamaa. Wakihangaika wanafika Thomasville, mji wa marehemu Doc Hudson aliyemfundisha McQueen zamani. Kule kuna uwanja mdogo wa mbio, wa udongo mtupu, wenye umbo la yai, uliobaki bila watu. Na kuna wazee wanne waliokuwa kwenye mchezo huo siku za mwanzo: Smokey, Junior Moon, Louise Nash na River Scott.

Sehemu hiyo ya Thomasville ndiyo bora kuliko zote. Waliochora walielewa uwanja mfupi ni kitu gani. Kwenye uwanja mkubwa gari lenye injini kali linatoroka na mambo yameisha. Kwenye uwanja mfupi wa udongo kona inakuja kabla hujapumua, gari linateleza kwa ubavu, vumbi linafunga macho. Tena anayeongoza anamfikia wa mwisho, anampita, wanachanganyika. Baada ya mizunguko kumi au ishirini, mtazamaji aliyekaa jukwaani hawezi tena kujua kwa macho nani ni wa kwanza. Lazima awepo mtu anayeandika. Shikeni hilo, nitalirudia.

Wazee wale wanne wana watu halisi nyuma yao. Louise Nash ametoka kwa Louise Smith, mwanamke aliyekimbia miaka ya 1940 wakati mchezo huo ulikuwa wa wanaume. Junior Moon ametoka kwa Junior Johnson, aliyejifunza kukimbiza gari akisafirisha pombe ya magendo usiku, yaani gongo ya kwao, huku polisi wakiwa nyuma. Na River Scott, mwenye namba 34 ubavuni, ametoka kwa Wendell Scott, Mmarekani mweusi wa Danville, jimbo la Virginia.

River anafanya nini kwenye filamu? Anakaa na wenzake, anacheka, anasaidia mazoezi. Louise anaeleza kwamba yeye hakuruhusiwa kukimbia, akajichukulia namba mwenyewe. River naye anaongezea kwamba kama wangesubiri kualikwa, labda wasingekimbia kamwe. Basi. Hadithi inaendelea na shughuli zake.

Siku moja tulipoionyesha, mtoto mmoja wa miaka kama tisa aliuliza kwa sauti, "Kwa nini yeye hakualikwa?" Wenzake wakamnyamazisha. Louise tunaelewa, ni mwanamke. Lakini River ni gari. Rangi yake ni ya kupulizwa, kesho anaweza kupakwa nyingine. Katika nchi ya magari hakuna ngozi, kwa hiyo hakuna ubaguzi wa ngozi, na maneno ya River yanabaki hewani bila sababu. Mtoto yule aliona tundu ambalo waandishi wa filamu walilipitia juu juu.

Sasa hebu tuangalie Wendell Scott mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1921. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshini upande wa magari. Baada ya vita aliendesha teksi, akawa fundi, na yeye pia alibeba pombe ya magendo usiku. Mwaka 1952 mwandaaji wa mbio za Danville alitaka dereva mweusi ili kuvuta watazamaji. Inasimuliwa kwamba alikwenda kuuliza polisi ni mweusi gani anaendesha kasi zaidi mjini, nao wakamtaja Scott, maana walishamkimbiza. Kwa hiyo mwaliko alipewa, ila ulikuwa mwaliko wa kuuza tiketi. Hapo tayari maneno ya River yanaanza kuyumba.

Mwaka 1961 Scott aliingia daraja la juu la NASCAR, chama kinachosimamia mbio za magari yanayofanana na yale ya dukani, yaliyofunguliwa na kuimarishwa. Hakuwa na kampuni nyuma yake. Alitumia magari yaliyokwishatumika na wengine, aliyatengeneza kwa mikono yake, na watoto wake ndio waliokuwa mafundi wake uwanjani.

Tarehe 1 Desemba 1963 alikuwa Jacksonville, jimbo la Florida. Uwanja ulikuwa wa udongo, umbo la yai, nusu maili kuuzunguka, yaani mita kama 800. Mbio zilikuwa za mizunguko 200. Zikibaki kama 25, Scott alimpita Richard Petty, ambaye gari lake lilikuwa limeanza kusumbua. Akaongoza. Akafikisha mizunguko 200 na bendera ya kumaliza haikupungwa. Akaendelea. Alipokuwa amezunguka mara 202 ndipo bendera ikashuka, na ikashuka kwa ajili ya Buck Baker, mzungu, aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili. Baker akapelekwa kwenye sherehe, akapewa kikombe, akapigwa picha.

Scott hakuondoka. Alijua amezunguka mara ngapi. Aliomba hesabu irudiwe. Zikapita saa, watazamaji wakaenda zao, na mwisho viongozi wakakubali kwamba yeye ndiye mshindi. Akapewa pesa ya mshindi. Kikombe kilikuwa kimeshaondoka. Viongozi walisema ni kosa la hesabu. Scott mwenyewe aliamini hadi mwisho kwamba kila mtu pale alijua, ila hawakutaka mweusi asimame mbele ya watu akabusiwa na mrembo wa kizungu wa kukabidhi zawadi. Baadaye alipewa kikombe cha mbao, kitu duni.

Alifariki mwaka 1990. Tarehe 28 Agosti 2021, huko Daytona, NASCAR iliwakabidhi familia yake kikombe cha ushindi wa Jacksonville. Siku iliyofuata angetimiza miaka 100. Na mweusi wa pili kushinda mbio za daraja hilo, Bubba Wallace, alishinda Oktoba 2021. Hesabuni wenyewe miaka katikati.

Ukishajua hayo, rudi kwenye filamu uangalie mwisho wake. Katika mbio kubwa za Florida, McQueen anaanza, halafu katikati anasimama na kumwachia Cruz nafasi. Cruz anabandikwa namba yake, anaingia, anashinda. Ubao wa matokeo unaandika Cruz, na unamwandika McQueen pia, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza mbio. Kila mtu anafurahi. Watoto wanaruka juu ya mabenchi.

Mimi hapo ndipo naona filamu imejikwaa. Ile ile Florida ambako mtu wa kweli alizunguka mara 202 akafutwa, ndiko filamu inaweka ubao mkarimu kiasi kwamba unaongeza jina la mtu ambaye hakumaliza mbio. Sisemi walikusudia. Lakini ukishamkopa Wendell Scott, huwezi kuweka ubao wa matokeo Florida kama kitu kisicho na historia. Katika Cars 3 kizuizi pekee kiko ndani ya kichwa cha Cruz: anajiona hastahili. Akijiamini tu, mlango unafunguka, na aliyekaa kwenye meza ya kuhesabu ni mtu mwema. Scott hakukosa kujiamini hata siku moja. Alikosa mtu mwaminifu kwenye meza ile.

Hapa kambini hatuhitaji kufundishwa uzito wa meza hiyo. Kila mmoja wetu anajua orodha ni nini. Herufi moja ya jina ikikosewa, unga na mafuta vinakupita, na wewe umesimama pale pale na watoto wako wanaonekana. Mama anaambiwa "mfumo haukuoni" akiwa mbele ya macho ya anayemwambia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeongeza somo lingine: daftari likiwa la mtu mmoja tu, mali inaweza kupotea ikiwa na habari zake zote.

Kuna binti ninayemfahamu aliyekimbia mita 1,500 katika mashindano ya vijana. Alimaliza wa pili. Tuliosimama kwenye utepe tulimwona. Orodha ilipobandikwa, nafasi ya pili ilikuwa na jina la mwingine mwenye namba inayofanana na yake. Akaenda kuuliza, akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu akaambiwa karatasi imeshapelekwa. Viatu vya zawadi vikavaliwa na mwingine. Sasa mtu aje amwambie binti huyo asisubiri kualikwa, ajiamini? Alikuja, alijiamini, alikimbia. Sasa hivi hakimbii tena, na ukimuuliza anasema ana kazi nyumbani.

Wenzetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, msidhani nawarushia mawe. Najua wengi wenu mnahesabu usiku na taa ya simu, na makosa yanatokea kweli. Ila ninyi ndio mnaoipenda zaidi ile sentensi ya River. Imeshaandikwa kwenye fulana na mabango ya semina, kwa maneno tofauti: thubutu, jitokeze, mlango uko wazi. Vijana wanajitokeza. Kinachofuata baada ya kujitokeza ni kazi ya anayeshika kalamu, na semina ya kalamu bado sijaiona.

Sitaki Cars 3 iachwe. Iendelee kuonyeshwa, maana sehemu ya Thomasville ina heshima kwa wazee ambayo katuni nyingi hazina, na Cruz ni mfano mzuri kwa wasichana wetu. Ninachotaka ni River akimaliza sentensi yake, tusimamishe filamu. Kusimulia Jacksonville kunachukua dakika tano. Mtoto aliyeuliza kwa nini hakualikwa atapata jibu, na atajua pia kwamba kuna mtu alibaki uwanjani mpaka hesabu ikarudiwa.

Na kwenye mashindano yetu yanayokuja, kila mkimbiaji awe na mtu wake wa kumhesabia, mwenye daftari na kalamu. Matokeo yabandikwe kabla ya zawadi kutolewa, si baada, na ipite nusu saa ya kusikiliza mwenye lalamiko. Daftari nimeshaomba kumi na mbili. Nikinyimwa tutatumia karatasi za maboksi.